Cherehani Isiyoshona

Mwanjelwa, Mbeya

Baba,

Barua huanza kwa kujuliana hali. Wewe ndiye uliyenifundisha, zile siku unanitajia maneno nami naandika, barua zako za kwenda Nyololo: anza na kamwene, salamu ya kwetu, waambie sisi huku wazima, hofu ni juu yao tu. Leo nairuka sehemu hiyo. Hali yako naijua, nilikuwepo wakikufukia. Mimi ni mzima wa mwili. Ila nina hasira, Baba, na hasira yenyewe ni juu yako, nimeibeba tangu mwezi wa sita na sijapata pa kuitua.

Wanasema marehemu hasemwi vibaya. Sawa. Mimi sikusemi, nakuambia. Ningekusema kama ningekwenda kisimani nikawaeleza wanawake wenzangu, na hilo sijafanya. Nimekaa kwenye benchi letu la kazi, nimesogeza maranda pembeni nipate mahali pa kuweka karatasi, na nakuambia wewe mwenyewe.

Nianze na usiyoyajua. Tulipomaliza arobaini, ndugu zako walikuja hapa Mwanjelwa kugawana vitu vyako. Baba mkubwa alitoka Nyololo, baba mdogo akaja juu ya lori la mbao kutoka Mafinga, na shangazi naye alikuwepo, amejitanda kanga mbili kwa ajili ya baridi. Wakatandika mkeka uani, wakavipanga vyombo vyako vya kazi juu yake kama nyanya za sokoni. Randa kubwa na randa ndogo. Misumeno yote. Patasi. Tupa. Keekee ya mkono. Na lile bomba la chuma tulilokuwa tukilitia makaa ili kukunjia mbavu za gitaa, ambalo baba mdogo alilisukuma kwa mguu akauliza, "Hili nalo la choo au la nini?"

Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba na wanawake, namenya viazi. Umenielewa? Namenya viazi kwa kisu butu, na patasi niliyoinoa mwenyewe mpaka ikanyoa malaika ya mkono imelala mkekani mbele ya wanaume wasiojua inashikwaje.

Baba mkubwa akauliza kwa sauti, kama desturi inavyotaka: "Marehemu aliacha neno lolote juu ya hivi vyombo? Kuna mtu alimsikia?"

Majirani wote walikuwepo, wale wale waliokuwa wakija kunywa togwa yetu kila Jumapili baada ya misa. Nikawatazama kwa upenyo wa ukuta, mmoja mmoja. Hakuna aliyekuwa na neno, kwa sababu wewe hukumpa mtu neno. Nikainuka niseme mimi. Shangazi akanishika mkono akanikalisha: "Wee, mtoto wa kike hajisemei urithi. Utatutia aibu."

Ulikuwa na wiki sita, Baba. Wiki sita za kukohoa, na mdomo wako ulikuwa mzima. Uliweza kuomba uji, uliweza kuulizia mvua, uliweza kumsema padre kwamba mahubiri yake marefu. Nilikuomba mara ngapi? "Baba, mwambie hata jirani mmoja. Sema tu kwamba vyombo ni vya Yustina." Nawe ukageukia ukutani: "Unanichuria, mwanangu. Mtu akianza kugawa vitu vyake, anakiita kifo." Haya, hukugawa. Kifo kilikuja bila kuitwa, na kazi ya kugawa wakaifanya wengine.

Na usijifanye hukujua ni kitu gani nilikuwa nakiomba. Niliporudi nyumbani baada ya ndoa kunishinda, nilikukuta unatengeneza magitaa kwa mbao za masanduku ya chai kutoka Mufindi, na mikono yako imeshaanza kutetemeka. Ulikuwa unapasua mbao mbili ili upate moja. Nikakupokea randa mkononi siku moja, kwa kukuonea huruma tu, na tangu siku ile sikuirudisha. Ulinifundisha vizuri, siwezi kukana. "Gonga ubao, sikiliza. Mbichi unanung'unika, mkavu unajibu." Nilisikiliza. Mwaka wa pili nikawa najua kwa kidole tu mahali ambapo uso wa gitaa bado ni mnene. Mbavu nikawa nakunja mimi. Tundu nakata mimi. Sanduku zima la sauti nalifunga mimi. Wewe ulibaki na shingo, vituo vya vidole na nyuzi, na hizo hakuna aliyekufikia, hata leo nakubali. Siku moja ulikaa kwenye kigoda chako ukaniangalia nikipiga randa, ukasema taratibu, "Mkono wako mwepesi kuliko wangu." Nilifurahi mpaka nikashindwa kula.

Lakini ulilisema wapi neno hilo? Ndani, mlango umefungwa. Mteja akibisha hodi tu, ulikuwa unaninyang'anya randa na kuniambia, "Lete maji ya mgeni." Nikirudi na maji nakukuta umesimama mbele ya kazi yangu, mikono umeificha nyuma ili isionekane inavyotetemeka, unaeleza jinsi ulivyokonda usiku na mchana ukilichonga gitaa hilo. Wanakusifu. Unacheka. Unapokea maji kutoka kwangu bila kunitazama.

Faraji wa Iringa, yule mpiga gitaa wa bendi ya dansi, alikuja hapa mara tatu na mara zote tatu alinishukuru kwa maji.

Halafu kuna cherehani. Hapa ndipo damu yangu inapochemka kabisa.

Unakumbuka yule Mzungu wa machimbo ya Chunya, dhahabu ilipomwishia akafunga virago akakuachia keekee ya umeme kwenye sanduku lake la mbao. Ulivyoipenda ile keekee! Ulikuwa unaipaka mafuta mara nyingi kuliko unavyopiga mswaki. Hapa Mwanjelwa umeme hatuna, kwa hiyo mwisho wa mwezi ulikuwa unaifunga nyuma ya baiskeli pamoja na shingo za magitaa, unakwenda mjini gereji ambako umeme upo, unawasihi wakuchomekee, unatoboa matundu ya funguo za kukazia nyuzi, unarudi jioni unang'aa. Safari ya nusu siku kwa matundu sita kila shingo. Nilikuambia keekee ya mkono inatoboa tundu lile lile. Ukanijibu kwamba dunia inakwenda mbele na mimi nimebaki nyuma.

Wakati huo huo mimi nilikuwa nimeshaitengeneza mashine ndani ya nyumba yako. Cherehani ya marehemu mama, ile ya kukanyaga kwa miguu, ilikuwa imekaa pembeni inashika kutu. Nikaitoa sindano, mahali pake nikafunga kipande cha msumeno mwembamba, na kwa kuwa kile kijumba cha uzi wa chini kilinizibia njia, nikaking'oa. Nikakanyaga. Msumeno ukapanda na kushuka, ukakata mduara wa tundu la gitaa kwa muda wa kuimba wimbo mmoja wa kanisani. Kule kwenye gurudumu la mkono nikafunga jiwe dogo la kunolea, na mikono yangu yote miwili ikawa huru kushika patasi. Baba, hiyo ilikuwa mashine! Haikuhitaji Mzungu, haikuhitaji gereji. Wewe uliiangalia, ukasema, "Kazi ya miguu ni ya mshona nguo." Na kila mteja alipobisha hodi, kabla hujaninyang'anya randa, uliitupia kanga juu.

Turudi mkekani. Waligombania keekee ya umeme karibu wavunjiane undugu. Baba mdogo alisema yeye ndiye anayeishi karibu na mashine za kupasua mbao, huenda siku moja atapata mahali pa kuichomeka. Baba mkubwa akasema mkubwa ni mkubwa. Akaichukua, na randa zote mbili juu yake, na patasi. Baba mdogo akapewa misumeno, nyundo na keekee ya mkono. Tupa wakagawiana kama karanga. Bomba la mbavu wakaliacha palepale, likaja kuchukuliwa na jirani akazibie pango la panya.

Ndipo shangazi akasema neno la huruma, na nilimpenda kwa hilo, ingawa bado nina kinyongo naye: "Huyu mtoto amemuuguza baba yake mpaka mwisho. Na yeye achague kitu kimoja, cha kumkumbukia." Baba mkubwa akafikiri. Akasema haya, aitwe, achague kimoja, sufuria au blanketi au sanduku la nguo, apendacho.

Nikaja mbele ya wanaume, mikono inanuka viazi. Kitu kimoja. Ungekuwa wewe ungechagua nini? Nakujua, ungechagua keekee ya umeme ukafe nayo. Mimi nilisimama pale nikahesabu kichwani. Nikisema randa ndogo, nitapata uso wa gitaa, lakini nitaukata kwa nini? Nikisema msumeno, nitakata ubao, lakini nitaulainisha kwa meno? Chombo kimoja cha mkono bila wenzake ni kama jiko la figa moja. Na nilijua pia kwamba nikitaja randa mbele ya watu wale, watanicheka na kuninyima vyote viwili, randa na heshima. Nikaangalia mlangoni, ile kanga ya mama iliyofunika kitu chenye umbo la cherehani. Usiku wa kuamkia siku ile nilikuwa nimefungua msumeno na jiwe, nikarudisha sindano, na wake za baba zangu walikuwa wameshaijaribu asubuhi. Waliweka uzi, wakakanyaga, haikushika hata mshono mmoja, maana kijumba cha uzi wa chini hakikuwepo. Walisema ni chuma kibovu.

Nikasema, "Naomba cherehani ya mama."

Walicheka, Baba. Baba mdogo alisema, "Hiyo haishoni, mama." Baba mkubwa akanionea huruma ya kweli, akasema angalau sasa nimetaka kitu cha kike, na kwamba huenda Mungu akinijalia mume atanitengenezea. Shangazi aliinamisha kichwa. Mimi nikapiga goti, nikashukuru, kwa sababu kitu kinachoweza kunoa kinaweza kuzaa patasi, na kinachokata kinaweza kuzaa umbo, na hakuna hata mmoja kati yao aliyejua. Nilikuwa nimelia siku arobaini mfululizo, na siku ile nilikaribia kucheka mbele za watu.

Kicheko hicho hakikudumu. Nilihitaji bado randa ya kuanzia, angalau kwa siku mbili, nichonge nayo mwili wa randa yangu mwenyewe. Nikapanda lori mpaka Nyololo. Nilimkuta baba mkubwa ameiweka keekee ya umeme ukutani, juu kabisa, pembeni ya picha ya Bikira Maria. Nyololo hakuna waya hata mmoja wa umeme. Watu wanakuja kuiona. Mtoto wa jirani aliambiwa asiisogelee itampiga. Hilo lingenichekesha kama nisingetazama chini. Chini, mlangoni, mke wake mdogo alikuwa amekaa na randa yako ndogo, ile ya nyuso za magitaa, anakwangulia mpini wa jembe. Mpini wa mti wa muwati uliokauka, wenye vifundo, Baba. Nilisikia jinsi chuma kilivyolia. Niliomba niiangalie, na ncha ilikuwa imetafunika kama hindi lililoliwa na ngedere.

Nikamwomba baba mkubwa aniazime kwa siku mbili, nitainoa na kuirudisha nzuri kuliko alivyoichukua. Hakunitukana. Bora angenitukana. Aliniwekea kiti, akanipa ugali na maharage, akasema kwa upole kabisa, "Vyombo vya ufundi ni mambo ya kiume, binti yangu. Ukipata mume, njoo naye nizungumze naye." Nikamwambia, ni mimi niliyekuwa nikiitumia. Nikamwambia magitaa yote ya miaka ile sanduku ni langu. Akatabasamu kama mtu anayemsikiliza mgonjwa wa homa. "Mbona ndugu yangu hakuwahi kutuambia?"

Kweli, mbona hukuwaambia? Nilirudi Mbeya na swali hilo, na njia nzima nilikuwa nikikuuliza wewe, si yeye. Ulikuwa unaona aibu gani? Kwamba mikono yako imezeeka? Mikono ya kila mtu huzeeka. Au kwamba aliyeipokea kazi ni mimi, nami nimeachika?

Basi nikaanza upya bila mtu. Nikaenda dukani kwa Bwana Ramji, pale mjini. Alinipa pole ya msiba, akadhani nimekuja kutafuta kitambaa. Nilipomwambia nataka kuona misumeno alinitazama juu ya miwani, kisha, kwa kuwa yeye ni mfanyabiashara na si ndugu yangu, akatandaza vyote alivyokuwa navyo juu ya meza. Alinionyesha sanduku zima la fundi seremala, jekundu, limetoka Ulaya. Nililitamani kama wewe ulivyoitamani ile keekee. Nikajizuia. Nilichukua msumeno mmoja tu wenye meno madogo na tupa moja ya pande tatu. Nilijiambia, nitanunua kile tu ambacho cherehani haiwezi kunizalia. Bwana Ramji akauliza, "Na randa, mama? Gitaa bila randa?" Nikamwambia randa inakuja.

Ilikuja. Gereji ile ile uliyokuwa ukipeleka keekee yako walinipa kipande cha springi ya lori kilichovunjika. Nilikitia motoni, nikakinyoosha kwa nyundo ya kuazima, nikakaa kwenye cherehani ya mama nikakanyaga siku tatu mpaka jiwe la kunolea likabaki nusu. Chuma kikashika makali. Mwili wa randa nikauchonga kwa mbao ya mninga, mbaya kutazama, mzuri kushika, kwa sababu safari hii nilipima kiganja changu mwenyewe. Patasi mbili zikatoka springi ile ile. Vibano vya kushikia gundi sikuwa navyo, nikafunga sanduku kwa mipira ya tairi za baiskeli, nikizungusha na kuvuta mpaka vidole vikafa ganzi. Bomba la mbavu nilikwenda kulidai kwa jirani. Alisema panya watarudi. Nilimwambia na warudi.

Shingo ndiyo ilinitesa. Hiyo ilikuwa kazi yako na hukunifundisha yote, uliniambia mwakani, mwakani. Nilikosea vituo mara mbili. Ya kwanza nikaitia jikoni nikapikia maharage. Ya pili nikakaa nayo chini nikalia, halafu nikakutukana kwa sauti, na jirani akaja kuuliza kuna nini. Ya tatu nilichukua gitaa lako la zamani kabisa, lile lililopasuka mgongo, nikapima juu yake kwa uzi kituo baada ya kituo. Kwa hiyo hata hapo ulinifundisha, umeshakufa. Nakuambia ili ujue kwamba naona mazuri pia. Sijawa kipofu kwa hasira.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, maana nimelizunguka muda mrefu.

Ndani ya kila gitaa letu, chini ya tundu, tulikuwa tunabandika kikaratasi: Fundi Lazaro, Mwanjelwa, Mbeya. Mwandiko ni wangu, jina ni lako. Kopo la karatasi hizo bado liko hapa, nilikuwa nimeandika nyingi mbele kwa mbele. Gitaa lilipokauka nililifungua lile kopo, nikachukua moja nikaipaka gundi. Nilikuwa nimeshaiingiza kwenye tundu kwa vidole viwili. Nikaitoa. Nikakata karatasi mpya, nikaandika: Fundi Yustina, Mwanjelwa, Mbeya. Nikaipaka gundi, nikaibandika chini ya tundu.

Wiki iliyopita Faraji akaja kutoka Iringa. Alikuwa hajui kama umefariki, alikaa kwenye benchi akalia, na nililia naye. Kisha akaliona gitaa ukutani. Akalishusha, akakaza nyuzi, akapiga. Wewe unajua anavyopiga. Watu watatu wakasimama njiani kusikiliza. Akafumba macho, akasema, "Mzee ameacha moja. Ameniachia mimi."

Ningeweza kunyamaza, Baba. Ilikuwa rahisi sana. Angelichukua, angelipiga Iringa yote, na ningepata kazi nyingine na nyingine chini ya jina lako mpaka nizeeke. Nilishafungua mdomo nikubali. Badala yake nikasikia nasema, "Nimelitengeneza mimi mwezi uliopita." Akacheka. Akainamisha gitaa kwenye mwanga akasoma karatasi, na akaacha kucheka. Akauliza polepole, "Na lile langu la nyumbani?"

Nikamwambia ukweli wote. Shingo ya Baba, nyuzi za Baba, sanduku langu.

Alisimama. Aliniambia namvunjia heshima marehemu, kwamba mtoto wa namna gani anamvua baba yake nguo kaburini. Akalirudisha gitaa ukutani kwa uangalifu, hilo nililiona, akaondoka bila kuaga. Wale watu watatu nao wakaondoka. Mpaka jioni Mwanjelwa nzima ilikuwa inajua kwamba binti wa Lazaro amesema baba yake alikuwa mwongo. Sikusema hivyo, Baba. Nilisema shingo ilikuwa yako. Lakini nimekutoa nje, na sikukuomba ruhusa, na ndiyo maana nakuandikia, usije ukaisikia kwa wengine.

Jana dereva wa lori alileta maneno ya Faraji: gitaa lisiuzwe, awekewe yeye, atatuma mtu alichukue. Hakuna neno jingine. Nimemjibu kwa dereva huyo huyo kwamba situmiwi mtu. Aje mwenyewe, aje mchana, akae barazani mbele ya majirani, na aseme analinunua kwa nani. Akija, nitamletea maji, kwa kuwa ni mgeni. Asipokuja, gitaa litakaa hapa na mimi nitaanza la pili. Mbavu zimeshalowekwa.

Mwezi wa sita, ukitimia mwaka, nitakuja Nyololo kukupalilia kaburi. Nitakuja na lile kopo, na nitazifukia karatasi zako zote hapo miguuni pako, kila moja, kwa maana jina lako ni lako na sitaki kuliiba. Hiyo ndiyo ahadi yangu. Msamaha sikuahidi, bado haujakomaa, na wewe mwenyewe hukupenda nibandike kitu kibichi. Nimekukumbuka sana, Baba. Hilo nalo linanikasirisha.

Lala salama.

Ni mimi,
Fundi Yustina